Sensa iliyojificha nyuma ya stata: shajara ya F-150

Jumamosi, 24 Februari 2024

Taa ya injini iliwaka Jumanne nikitoka kazini, leo ndiyo nimepata nafasi ya kuiuliza ina shida gani. Pikapu yenyewe ni Ford F-150 ya 2006, V8 ya lita 5.4, inasukumwa na tairi za nyuma tu. Imeshapita maili 171,000, na kila majira ya baridi hapa Akron, Ohio, Marekani, inakanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ukiingia chini yake utadhani ilizama baharini kule Tanga ikaja kuopolewa juzi.

Skana yangu ndogo inayoongea na simu imetoa P0135: saketi ya hita ya sensa ya oksijeni, safu ya kwanza, sensa ya kwanza. Gari hili lina sensa nne, mbili kabla ya masega (vile visafisha moshi vya kwenye bomba la ekzosi) na mbili baada yake. Iliyokufa ni ya mbele, upande wa kulia, na kila niliyemuuliza amevuta pumzi kwanza kabla ya kunijibu.

Kwa asiyejua, sensa hii inanusa moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Ndani ina kipande cha zirkonia kinachozalisha umeme mdogo sana: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, 0.1 hewa ikizidi. Mstari wa katikati ni 0.45, na hapo ndipo mchanganyiko ulipo sawa, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Zirkonia hiyo haiamki mpaka ifike kama nyuzijoto 300. Zile za kwanza za Bosch, zilizofungwa kwenye Volvo za soko la Marekani mwaka 1976, zilisubiri joto la ekzosi peke yake. Hita ilikuja baadaye, na hita ndiyo iliyonifia mimi.

Gari linatembea vizuri tu. Kama si tarehe ningeiacha taa iwake hadi kiangazi. Lakini Ohio usajili wa gari unaisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, yangu ni 28 Machi, na wilaya yetu ya Summit ni mojawapo ya saba za kaskazini mashariki zinazodai kipimo cha moshi, E-Check. Gari la mwaka wa namba shufwa hupimwa mwaka shufwa. Taa ikiwa inawaka, hujafaulu, hakuna mjadala. Nina siku 33.

Gereji moja ya mtaani imeniambia dola 340, "na ikikatikia ndani tutazungumza tena." Nikashukuru, nikaondoka.

Jumapili, 25 Februari

Kabla ya kununua chochote, kupima. Namba ya hitilafu inataja saketi, haijasema sensa imekufa. Inaweza kuwa fyuzi, waya uliotafunwa na panya, au konekta iliyoingia maji. Fyuzi nzima. Na ingekuwa imekatika, nadhani sensa nyingine nazo zingelalamika.

Nimempigia mjomba. Ana gereji Tanga, na mkono wake ndio ulionifundisha kushika spana. Ilikuwa saa nne asubuhi hapa, kule saa kumi na mbili jioni, anafunga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Sensa ya upande gani?"

"Ya upande wa abiria."

"Kushoto? Mbona nafuu, huko hakuna usukani."

Nikamkumbusha kwamba huku usukani ndio uko kushoto, abiria anakaa kulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi neno abiria liache. Niambie kulia au kushoto ukiwa umekaa kwenye kiti unatazama mbele."

Naandika hivyo kuanzia sasa, maana nimeona watu wakinunua na kubadilisha sensa isiyo na kosa kwa ajili ya neno hilo. Kwenye Ford za V8 safu ya kwanza ni ya kulia, silinda 1 hadi 4 kutoka mbele kwenda nyuma. Ya pili ni ya kushoto, 5 hadi 8.

Konekta imebanwa juu ya kengele ya gia boksi, pale injini na gia boksi zinapokutana. Kutoka chini unapitisha mkono kati ya bomba la ekzosi na gia boksi hadi kiwiko kinagoma, kisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndivyo vinavyofika. Huoni kitu. Unapapasa: hapa waya, hapa kibanio, hapa matope yaliyokauka yakawa saruji. Kitufe cha kufungulia kilikuwa kimejaa mchanga. Nimekichokonoa kwa bisibisi ndefu, nikakipulizia hewa, nikakichokonoa tena. Dakika arobaini kwa kitufe cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Mita ikamaliza ubishi. Nyaya nne: mbili za rangi moja ni za hita, mbili zilizobaki ni za ishara na ardhi yake. Kwenye hita mita haikusoma kitu, njia imekatika kabisa. Ya kushoto, ambayo ni nzima, imesoma omu 6 na ushei. Sensa ndiyo imekufa, si waya.

Jumatano, 28 Februari

Sensa imefika, Motorcraft, chapa ya Ford yenyewe, dola 58. Nimelinganisha konekta na urefu wa waya kabla ya kutupa boksi. Ya mbele na ya nyuma ya masega zinafanana sura, ila waya na konekta hazilingani. Uzi una grisi ya kijivu iliyopakwa kiwandani.

Nimeanza kupulizia dawa ya kutu kwenye shingo ya sensa ya zamani kila jioni, injini ikiwa baridi.

Jumamosi, 2 Machi

Leo imeshinda yenyewe.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuoa: jeki, stendi mbili, kabari kwenye tairi za nyuma, taa ya kichwani, na soketi maalumu ya sensa, ile yenye mwanya ubavuni wa kupitishia waya. Sensa inachukua milimita 22. Nikaingia kutoka chini, upande wa kulia, nyuma ya tairi la mbele. Bomba la ekzosi linashuka kutoka manifoldi, chuma kinachokusanya moshi wa silinda, na stata imelala hapo hapo ubavuni mwa gia boksi. Sensa imechomekwa kwenye bomba ikiwa imegeukia juu na ndani, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Kichwa chake unakiona, lakini mpini hauna pa kuzungukia. Chesisi upande huu, stata upande ule, sakafu ya kabini juu.

Soketi iliingia. Racheti ikapata pembe ndogo, tuseme meno mawili. Nikavuta, hakuna. Nikachomeka bomba la kuongezea nguvu kwenye mpini, nikavuta kwa miguu, nimekanyaga chesisi. Nikasikia "tak", moyo ukafurahi. Nikavuta tena, tak. Mara ya tatu nikachungulia kwa taa: sensa haijasogea hata unywele. Kilichokuwa kinasogea ni soketi. Ule mwanya wake umetanuka mdomo, na kila "tak" ilikuwa pembe ya nati ikilika.

Nikaacha papo hapo. Wenye injini hii wanajua habari ya plagi zake zinavyokatikia ndani ya silinda hedi, kwa hiyo kitu chochote chenye uzi kwenye gari hili nakisogelea kwa adabu. Pembe mbili kati ya sita zimeshakuwa duara. Zikilika zote, kinachofuata ni kukata bomba.

Soketi ya mwanya ilinigharimu dola 14. Naiweka kwenye sanduku iwe ushahidi.

Jumapili, 3 Machi

Nimemtumia mjomba picha kwa WhatsApp. Amepiga mwenyewe.

"Hiyo sensa ni nzima?"

"Hapana, imekufa hita."

"Sasa mbona unautunza waya wake kama wa maiti anayesubiri ndugu? Kata."

Nikanyamaza. Ni kweli. Soketi ina mwanya kwa sababu ya waya. Waya ukikatwa, unatumia soketi ndefu iliyoziba pande zote, ya pembe sita, na hiyo haitanuki. Nimesoma maelezo mangapi wiki hii? Nami nimekuwa nikiulinda mkia wa kitu ninachokwenda kukitupa.

Mengine aliyoniambia, niyaandike nisisahau. Bomba liwe la moto, si la kuchoma ngozi mpaka ikabanduka, ila la moto. Usianze kwa kufungua, anza kwa kukaza kidogo sana ili kutu ivunjike, kisha ndipo ufungue. Ikitoka robo mzunguko, irudishe nusu ya robo, tia dawa, toa tena. Ikianza kulia kama mlango wa ghala usiilazimishe, rudi nyuma. "Na ukiona mkono hauna nafasi, acha kusukuma mkono, rudi nyuma na fimbo ndefu." Fimbo maana yake ekstensheni, chuma cha kurefusha mpini wa soketi.

Tukapotelea kwenye hadithi za zamani, kama kawaida yake. Anasema alipoanza ufundi, magari ya mtumba yaliyoshushwa bandarini na sensa nzima yalikuwa yanazipoteza haraka, na mafundi wakaona nafuu ni kuzing'oa na masega pamoja. Petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi inaipaka zirkonia kama rangi, inaziba masega pia. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, mwaka uleule lilipotengenezwa hili gari langu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Basi lako halina kisingizio."

Jumamosi, 9 Machi

Imetoka.

Ramadhani inaanza Jumatatu msikitini kwetu na sikutaka kulala chini ya gari na kiu. Nimeanza saa mbili asubuhi.

Safari hii nimeingia kwa mlango mwingine. Nimeshusha tairi la mbele kulia, nikabandua plastiki ya ndani ya madigadi. Inashikwa na vibanio vya kusukuma, viwili vimevunjika kwa uzee. Ghafla pakawa na dirisha. Mkono mmoja unapita hapo na kuiweka soketi juu ya sensa, macho yanaona. Nguvu inatoka kwingine: nimeunganisha ekstensheni tatu na jointi moja ya yunivesali, nikazipitisha kutoka nyuma, juu ya kiunzi kinachobeba gia boksi, mpaka mpini ukawa karibu usawa wa mlango wa mbele. Huko nyuma kuna nafasi ya kuzungusha mkono mzima.

Gari likiwa kwenye stendi nimewasha injini dakika kumi, mimi nimekaa pembeni na chai. Si mahali pa kuingia chini wakati inanguruma. Nikazima, nikavaa glavu za kuchomelea, nikakata waya wa sensa kwa koleo. Ile sauti ndogo ya waya kukatika ilinipa raha isiyo na maelezo.

Soketi ndefu ya pembe sita ikaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo, kwa sababu ya zile pembe nilizozila. Nikakaza kwanza, unyuzi tu. Nikageuza racheti. Nikavuta polepole, uzito wa mwili na si kwa kushtukiza. Ekstensheni zikajipinda kama springi, nikaona kabisa zinajinyonga, na bado sensa imekaa. Nikashikilia hapo hapo bila kuongeza wala kupunguza. Nilihesabu hadi nane au tisa. Halafu mlio mmoja, mkali, kama chupa iliyopasuka kwenye zege. Nikadhani nimekata kitu. Nikatambaa mbele kuchungulia dirishani: alama ya chaki niliyoiweka kwenye nati imesogea kidogo kushoto.

Kutoka hapo ni subira. Robo mbele, nusu ya robo nyuma, dawa, moshi kidogo, tena. Ililia mzunguko mzima wa tatu. Dakika ishirini na tano baadaye ikadondoka kwenye glavu, bado ya moto, nyeupe kidogo kichwani na uzi wake umejaa unga wa kutu wa rangi ya pilipili ya kusaga.

Shimo lilikuwa baya kuliko nilivyotaka. Uzi wa pili na wa tatu umechubuka. Sikuthubutu kukaza sensa mpya humo. Nimepitisha kisafisha uzi cha M18 kwa 1.5, kilichopakwa grisi ili vumbi la chuma ling'ang'anie humo lisiingie kwenye bomba. Nimekitoa na kukifuta mara nne. Kisha sensa mpya kwa vidole tu, bila spana, mpaka ikakaa. Kama haiingii kwa vidole, imeingia mshazari, itoe. Kiwango cha kukaza ni kama Nm 40, lakini spana ya kupimia haikai pale kwa njia yoyote, hivyo nimekaza kwa mkono hadi gasketi iguse, nikaongeza kama nusu mzunguko na kidogo. Kichwa chake sijakigusa kwa kidole wala grisi. Waya nimeurudisha kwenye kibanio chake cha zamani, mbali na bomba. Ukiachwa unaning'inia utayeyuka kabla ya mwezi.

Sasa mambo ya dirishani. Nilipokuwa nachungulia, nimeona kitu ambacho sikukitafuta. Mwisho kabisa wa manifoldi, kwenye silinda ya nne, bolti moja haina kichwa. Nati haipo, kipande cha uzi hakipo, na kuzunguka hapo chuma kina masizi meusi. Ndiyo maana asubuhi za baridi linalia "tik tik tik" kwa dakika mbili halafu linanyamaza: chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ufa. Mimi mwaka mzima nilikuwa nasema ni vali.

Nimeipiga picha, nikafunga plastiki, nikarudisha tairi. Si leo.

Jumanne, 12 Machi

Namba zimefutwa, taa imezimika, imebaki imezimika.

Nimetazama sensa moja kwa moja kwenye simu gari likiwa na moto. Ya kulia sasa inacheza inavyotakiwa, 0.1, 0.8, 0.2, 0.75, juu chini bila kuchoka. Kilichonivutia ni masahihisho ya petroli ya muda mrefu: safu ya kushoto asilimia 2, safu ya kulia asilimia 7. Kompyuta inaongeza petroli upande wa kulia kidogo zaidi. Hapo nadhani ndipo bolti iliyokatika inapoongea. Ufa wa manifoldi ulio kabla ya sensa hautoi moshi tu. Kati ya mipigo ya ekzosi unavuta hewa ndani, sensa inainusa, inaripoti petroli imepungua wakati haijapungua. Sensa haidanganyi, inaripoti hewa iliyoikuta. Saba bado ni namba ndogo, haijafika pa kuwasha taa. Ila ingekuwa P0171, namba ya petroli kupungua safu ya kwanza, badala ya P0135, ningeweza kununua sensa tatu mfululizo na nisitibu kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Ukifuta namba unafuta pia vipimo vya ndani ambavyo kompyuta inajifanyia. Wapimaji wa E-Check wanaviangalia, na gari la 2001 na kuendelea linaruhusiwa kipimo kimoja tu kisichokamilika. Kwa hiyo siwezi kufuta namba leo na kwenda kupima kesho, ujanja huo walishauziba.

Wiki nzima nimeliendesha kwa mpangilio: asubuhi likiwa limelala baridi usiku kucha, dakika chache za mtaani, kisha barabara kuu ya I-77 kuelekea Cleveland kwa mwendo usiobadilika, kisha kuachia mafuta lipungue mwendo lenyewe bila breki. Sensa imekamilika siku ya pili, hita siku hiyohiyo, masega Ijumaa. Kimebaki cha mvuke wa tangi la petroli, na hicho kinataka tangi lisiwe tupu wala kujaa. Mimi nilijaza hadi juu Jumamosi kwa mazoea. Mkono wa mtu una akili yake.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda na kile kimoja kikiwa bado hakijakamilika. Kijana akachomeka waya chini ya dashibodi, akasubiri, akanipa karatasi. Umefaulu. Bure, hakuna malipo. Siku tano kabla ya tarehe.

Hesabu ya jumla: sensa 58, soketi ya mwanya 14, soketi ndefu 11, kisafisha uzi 17, vibanio vya plastiki 6, dawa ya kutu 9. Dola 115, na sanduku limeongezeka vifaa.

Nilimtumia mjomba picha ya karatasi na ya ile bolti. Ya karatasi hakuisemea neno. Ya bolti ameijibu baada ya futari: "Hiyo usiiguse na spana mpaka uiloweshe wiki mbili. Na usiiguse peke yako."

Jioni nimefungua tena plastiki ya madigadi na kuipulizia mara ya kwanza.